Walimu mlio mbali na lami, habari mnazipata wapi kabla kijiji hakijaja kuwauliza?

Mwl wa Mpakani:

Wakuu, habari za jioni. Walimu wenzangu, poleni na majukumu.

Nina swali, ila bila kisa chake halitaeleweka, kwa hiyo nivumilieni. Leo nina chaji.

Nafundisha shule ya msingi huku Ngara, kata ya mpakani. Nikisimama nyuma ya choo cha walimu naviona vilima vya Rwanda, na simu yangu nayo inaviona. Nikishuka hatua kama ishirini kuelekea bondeni inanasa mnara wa ng'ambo, inaniletea ujumbe wa kunikaribisha ugenini, halafu inajirudisha nyuma saa nzima, maana wenzetu wale wako nyuma yetu kwa saa moja. Mwezi wangu wa kwanza hapa nilichelewa zamu mara mbili kwa sababu hiyo. Mwalimu mkuu alidhani nakunywa.

Mtandao wa kwetu uko juu ya jiwe. Ni jiwe kubwa pembeni ya migomba ya jirani, na watu wamelizoea hata wakalibatiza "Posta". Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla ya mswaki, mimi niko Posta na kitenge cha mke wangu mabegani kwa sababu ya baridi. Hapo ndipo tunapojazia PEPMIS, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, hapo ndipo tunapoangalia kama mshahara umeingia, na hapo ndipo simu inapotema ujumbe wote wa usiku kwa mpigo. Nimo katika magrupu kumi na manne. La shule, la kata, la chama, la SACCOS, la tuliosoma wote chuo, la somo la Sayansi, la wanaotafuta kubadilishana vituo (humo nimo tangu 2021, natafuta mtu wa Magu anayependa milima na ndizi, kama yupo aniambie), la ukoo, la Yanga, na moja la Simba ambamo nimejipenyeza kwa ajili ya uchokozi tu. Mengine hata sijui nani aliniingiza.

Juzi nilikaa nikajihesabia haki. Siku nzima sisomi hata habari moja iliyoandikwa na mwandishi wa habari. Nasoma walichorushiwa walimu wenzangu na watu ambao nao walirushiwa.

Gazeti nalipata kwa mama wa maandazi. Anayafunga kwenye Mwananchi na Nipashe za zamani anazonunua kwa kilo mjini. Mwezi uliopita nilisoma nusu ya habari ya bei ya kahawa, nusu ya pili alikuwa amefungiwa mwalimu wa Hisabati, na yeye alishawashia jiko. Runinga kijijini ni moja, kwa mwenye duka, ana sola na king'amuzi cha Azam. Mpira ni shilingi mia tano. Taarifa ya habari ni bure lakini ukikaa bila kununua soda anakuangalia. Redio ninayoipata bila shida ni Radio Kwizera, maana iko hapa hapa Ngara. Ilianzishwa 1995 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Rwanda na Burundi, na wazee wa huku mpaka leo wanaitegea kama wanavyoitegea kengele ya kanisa. TBC Taifa inakuja na kutoweka kufuatana na hali ya mawingu. Kishikwambi nilichopewa baada ya sensa ya 2022 kinafanya kazi, ila kina ufa na wanangu wamekijaza katuni.

Sasa kisa.

Katikati ya Februari nimekaa benchi la duka, jioni, nasubiri mafuta ya taa. Mzee mmoja akanigeukia: "Mwalimu, wanasema michango ya chakula cha shule imefutwa. Ni kweli?" Jamani, huku mwalimu ndiye gazeti. Anaulizwa bei ya mbolea, anaulizwa vita ya Congo, anaulizwa kama mvua itanyesha. Na siku hiyo, kwa bahati mbaya, nilikuwa na jibu. Asubuhi ile ile grupu la chuo lilikuwa limerusha picha ya waraka, una nembo ya taifa, una kumbukumbu namba, una sahihi, unasema mzazi asidaiwe mchango wa aina yoyote, ikiwemo nafaka. Nikatoa simu, nikawasomea. Kwa sauti ya darasani kabisa, na kumbukumbu namba nikaisoma. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo.

Sisi tulikuwa tumekubaliana na wazazi kila kaya ilete debe moja la mahindi na kilo tatu za maharage, kwa uji wa saa nne na makande. Tulitarajia madebe 140. Kesho yake hakuna aliyeleta. Kesho kutwa wakaja wazazi wawili waliokwisha kuleta, wanataka mahindi yao.

Uji ulisimama siku tisa. Wapo watoto wanaopanda mlima mwendo wa saa moja na nusu kuja shule. Darasa la tatu, saa tano asubuhi, kichwa juu ya dawati, na mimi nimesimama ubaoni nafundisha makundi ya vyakula.

Mwalimu mkuu wetu ni mama mtu mzima, yuko mlangoni mwa kustaafu, na simu yake ni kitochi. Aliniita ofisini, akaniomba nimwoneshe huo waraka. Akavaa miwani. Akauliza, "Tarehe hii ilikuwa siku gani?" Nikatazama kalenda ya ukutani. Jumapili. "Na huyu aliyesaini bado yuko wizara hiyo?" Hayupo, alishahamishwa, na mimi nilijua, kwa sababu tulijadili uhamisho wake kwenye grupu hilo hilo. Alinirudishia simu taratibu, akasema, "Mwanangu, na wewe ndiye mwenye simu kubwa." Hakuongeza neno. Afadhali angenifokea.

Basi swali langu ni hili. Nyinyi mnaofundisha mahali kama huku, habari mnazipata wapi hasa? Na mtu akikuuliza "Mwalimu, hii ni kweli?", wewe unafanya nini kabla hujafungua mdomo?

---

Kijana wa Jiji:

Mkuu, mbona rahisi hiyo. Ingia tovuti ya wizara, fuata kurasa zao rasmi, hakiki. Dakika mbili umemaliza. Watu wanatuma vyombo mwezini, wewe bado unahangaika na redio na gazeti la maandazi?

---

Mwl wa Mpakani:

Kijana wa Jiji, karibu Posta alfajiri moja, nitakuazima na kitenge. Tovuti inazunguka mpaka kunapambazuka. Ile picha ya uongo ilikuwa nyepesi, ilifunguka hata kabla sijaigusa. Waraka wa kweli, nilipokuja kuupata, ni PDF ya kurasa kumi na kitu, imeskaniwa ikiwa imelala ubavu, na ilikula bando langu la siku mbili. Uongo ukija huku unakuja kwa miguu, ukweli unasubiri gari.

---

Ticha wa Korosho:

Mwalimu mwenzangu pole sana. Mimi niko Liwale, mkoa wa Lindi, nafundisha la kwanza na la pili. Gazeti huku usiliulize. Masika yakishika, barabara ya kutoka Nangurukuru inakatika, basi linalala njiani, na hata hayo ya kufungia maandazi yanaadimika.

Nataka niseme jambo ambalo nyie wanaume hamlioni. Umeandika benchi la duka, runinga ya dukani, mpira. Mimi hapo benchi sikai. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku inanikuta na sufuria jikoni, mtoto mgongoni, na madaftari 83 ya kusahihisha. Shuleni kwetu tuko walimu wa kike wawili kati ya tisa. Wanaume asubuhi wanaingia ofisini wakiwa wameshasikia, wameshabishana, wameshakubaliana. Sisi tunaletewa hukumu tu.

Kwa hiyo mimi ni wa redio, tena ya jikoni. Zamani nilitumia ya kwenye simu, unachomeka waya wa masikioni ndiyo antena, hata kama waya wenyewe upande mmoja umekufa. Simu niliyonunua baadaye haina redio kabisa, na niligundua nikiwa nimeshafika nyumbani. Muuzaji aliniambia "dada, siku hizi redio ni ya mtandaoni". Nikamuuliza mtandao wa nani.

Bando nanunua la usiku. Naweka kengele saa nane, naamka, napakua vitu vya kazi kwenye kishikwambi, vitabu vya mtaala mpya huu ulioanza Januari 2024, maana nakala za karatasi zilitufikia kwa mafungu. Nikimaliza na dakika zimebaki naangalia mambo yangu. Ndiyo, na tamthilia. Nisihukumiwe.

Kuhusu kuulizwa, msimu wa korosho ndio balaa. Oktoba mpaka Desemba mzazi haulizi maendeleo ya mtoto, anauliza bei ya mnada. "Mwalimu, Mtwara wameuzaje leo?" Mara ya kwanza nilijibu kutokana na grupu. Nilitaja bei ya juu kuliko iliyotoka. Baba mmoja alizuia gunia zake nne siku kadhaa akisubiri bei yangu. Sasa hivi nikiulizwa najibu "sijasikia", hata kama nimesikia.

---

Mwl wa Mpakani:

Dada Ticha wa Korosho, umenigusa hapo kwenye benchi. Nimemsomea mke wangu ulichoandika (naye ni mwalimu, shule ya jirani). Amesema "mwambie ahsante", kisha akanyamaza kwa namna ambayo mimi naifahamu. Redio ya simu nimempa yeye kuanzia leo.

---

Mzee wa UPE:

Vijana, hamjambo. Mjukuu ananichapia, mimi nasema, yeye anaandika, makosa ni yake.

Nilistaafu 2018. Niko Namtumbo. Nimeona mwalimu wa Ngara anauliza kama arudi kwenye redio, ingawa hakulisema wazi. Mimi nitamwambia nilivyofika kwenye ualimu, kwa sababu mimi nimesomea ualimu kwa redio. Msicheke.

Azimio la Musoma lilipotoka 1974, Serikali ilitaka kila mtoto awe shuleni ifikapo Novemba 1977. Mpango huo ndio UPE, elimu ya msingi kwa wote. Watoto walikuwepo, walimu hawakuwepo. Wakatuchukua sisi tuliomaliza la saba. Mimi niliitwa 1976, nina miaka kumi na minane, ndevu hata moja sina. Asubuhi nafundisha nusu siku, mchana nasoma masomo yaliyoletwa kwa posta, jioni tunakaa tunasikiliza kipindi cha walimu Radio Tanzania Dar es Salaam, na mkufunzi anapita kwa baiskeli kutukagua. Tulifundishwa hivyo zaidi ya 40,000 nchi nzima. Watu walituita "walimu wa UPE" kwa kejeli, mpaka leo wapo wanaosema hivyo. Lakini mhandisi aliyejenga daraja la hapa kwetu nilimfundisha mimi kuhesabu kwa visoda.

Kabla ya hapo, 1973, kulikuwa na kampeni ya redio ya Mtu ni Afya. Nilikuwa darasa la saba. Baba alinivuta mkono nikawasomee watu wazima kile kitabu kwenye kikundi. Watu karibu milioni mbili walisikiliza katika vikundi kama kile. Utaratibu wake ulikuwa hivi. Redio inawashwa, kimya. Mtu akikohoa anatazamwa. Kipindi kikiisha redio inazimwa, kwa sababu betri ni ghali. Ndipo kitabu kinasomwa, ndipo watu wanaanza kubishana, ndipo wanakubaliana kitu cha kufanya kabla ya wiki ijayo. Choo, au kukata majani, au kufukia madimbwi. Na wiki ijayo wanaulizana nani amechimba. Kijijini kwetu mtu mmoja alichimba choo, akaogopa kukitumia, akahifadhia mihogo. Lakini alichimba.

Wewe mwalimu wa Ngara ulisoma waraka wako saa kumi na mbili, saa moja kijiji kizima kikawa kimeshaamua. Hapo katikati hakuna aliyezima redio.

Jambo jingine. Mwishoni mwa Oktoba 2025 mtandao ulipozimwa nchi nzima, mwalimu kijana tunayepakana naye, mwenye kishikwambi na simu mbili, alikuja kwangu jioni amebeba kiti chake mwenyewe. Siku ya pili akaja na mwenzake. Siku ya tatu walikuwa sita barazani, na mke wangu akawa anaongeza maji kwenye chai. Redio yangu ni National, imefungwa mpira wa baiskeli kwa sababu mfuniko ulipotea. Nikawasikilizisha TBC, nikawasikilizisha DW, nikawasikilizisha BBC. Walipenda nilivyokuwa nazungusha kitufe, mmoja akaomba ajaribu. Nilikuwa na Sauti ya Amerika pia, ila hao walinyamaza Machi 2025, siku moja nazungusha pale pale nilipozoea nakuta mvumo mtupu. Niliona kama nimefiwa.

Mtandao uliporudi, hawakuonekana tena. Kiti kimoja kiko hapa mpaka leo, mwenyewe akisoma aje akichukue.

Betri zikichoka msizitupe. Zianike juani, zinarudi kidogo.

---

Afisa Kata Fulani:

Shikamoo mzee wa UPE, umenikumbusha baba yangu.

Mimi ni afisa elimu kata, sitasema wapi. Naomba niseme upande wetu, maana Kijana wa Jiji anadhani tatizo ni uvivu wa kuhakiki. Tatizo ni kwamba barua ya kweli nayo inakuja kwa njia ile ile ya barua ya uongo. Barua ikitoka juu inapita kwa mkurugenzi wa halmashauri, inaletwa kwa afisa elimu, yeye anaipiga picha juu ya meza yake, anaturushia kwenye grupu la maafisa kata, mimi naisukuma kwenye grupu la walimu wakuu, nao kwa walimu. Karatasi yenyewe inaweza kunifikia baada ya wiki tatu, au isifike kabisa. Kwa hiyo mwalimu aliyeko juu ya jiwe anaona picha mbili, zote zina nembo, zote zina kivuli cha kidole cha mtu, moja ya kweli na moja ya kughushi. Mnataka ajue kwa kunusa?

Ninachowaambia walimu wangu ni kutazama ilikopita. Barua inayohusu shule yako lazima iwe na barua ya halmashauri yako mgongoni, yenye kumbukumbu namba ya halmashauri, inayosema "rejea barua tajwa". Picha ya waraka uliotoka wizarani ukarukia moja kwa moja kwenye grupu la waliosoma chuo, bila kupita kwa yeyote anayekufahamu, huo uache ulale. Na kabla ya kuusoma hadharani, pigia mkuu wako. Mwenye kitochi anapigiwa, hahitaji bando.

Halafu hili la chakula, tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016 kila mwaka lazima litokee toleo lake la waraka wa kughushi, hasa Januari na Februari wakati wa kuchangishana. Ukiuona msimu huo, ushuku mara mbili.

---

Mwalimu Kinango:

Hamjambo nyote. Salamu kutoka Kinango, Kwale, upande wa Kenya. Nimepitia hapa nikaona mambo ni yale yale, tofauti ni jina la mwajiri tu.

Kwetu stafurumu tulikuwa tukichanga walimu wanane, tunanunua gazeti moja la Jumapili na moja la katikati ya wiki. Mwendeshaji wa bodaboda alituletea kutoka mjini. La Jumapili lilifika Jumatatu, lakini lilifika. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nilikuwa nikikata Taifa Leo kwa ajili ya ufahamu na insha za wanafunzi, mpaka wenzangu wakaanza kulalamika kwamba wanasoma gazeti lenye madirisha. Mwaka wa gonjwa la korona mchango ukafa, haukufufuka.

Sasa ni simu, na Pwani FM jioni. Barua bandia za TSC, tume inayotuajiri walimu wa Kenya, kwetu ni kama mvua ya vuli. Wakubwa wakiinasa moja huirudisha mtandaoni imegongwa mhuri mwekundu wa kusema ni bandia. Vizuri sana. Ila katika grupu letu yuko mtu aliyekata sehemu yenye mhuri, akairudisha barua ile ile ikiwa safi. Nilipomuuliza akasema mhuri ulimzuia kusoma vizuri.

Mwalimu wa Mpakani, swali moja. Wazazi ulirudi kuwaambia?

---

Kijana wa Jiji:

Nimekubali, mkuu. Hiyo ya PDF iliyolala ubavu hata mjini inatukera.

---

Mwl wa Mpakani:

Nimerudi, samahani kwa ukimya, tulikuwa na mvua siku tatu na jiwe lilikuwa linateleza.

Mzee wa UPE, shikamoo. Nimesoma maelezo yako mara mbili. Nilikuwa sijui kwamba kuna mtu aliyesomea kazi hii kwa redio, mwalimu mkuu wetu nilipomwambia alicheka akasema, "Nani alikwambia mimi nilisomea wapi?" Naye ni wa njia hiyo hiyo, wa miaka ya mwisho mwisho. Miaka minne tunakaa ofisi moja sikuwahi kumuuliza.

Afisa Kata, nimeyachukua yako yote. Nilikwenda kuangalia ule waraka wangu tena na kweli, ulitoka wizarani ukatua kwa watu wa chuo. Hakuna halmashauri hata moja iliyougusa.

Ndugu wa Kinango, swali lako lilinilaza macho. Jibu ni kwamba nilikuwa sijarudi. Mwalimu mkuu alitangaza kwenye kikao cha wazazi kwamba michango ya chakula tuliyokubaliana iko pale pale, hakunitaja jina, na mimi nilikaa nyuma karibu na mlango natazama viatu vyangu. Wazazi walikuja wachache. Wengine waliuliza, sasa tumwamini yupi, wewe mwalimu mkuu au yule mwalimu aliyetusomea karatasi yenyewe?

Basi juzi Alhamisi nilikwenda benchi. Nilinunua soda nne ili nisitazamwe vibaya. Nikasema mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na yule mzee aliyeniuliza siku ile, kwamba nilichowasomea kilikuwa cha uongo, sikukitunga mimi, lakini nilikisoma mimi. Nikawaonesha ile tarehe. Tulitafuta kalenda, mwenye duka akatoa ile ya mwaka jana kwanza, tukabishana kidogo, akapatikana mwenye ya mwaka huu. Mzee akahesabu kwa kidole, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Akasema, "Serikali haifanyi kazi Jumapili." Mwenyekiti akasema hata Jumatatu haifanyi. Wakacheka, nami nikapumua.

Halafu mzee akaniambia kitu ambacho bado nakitafuna. Alisema siku ile alikuwa ameshasikia redioni habari tofauti, wakizungumzia wazazi kuchangia chakula. Alikuwa anaijua. Aliniuliza ili ahakikishe, nami niliposoma kwa simu akaamini kwamba redio yake ndiyo imekosea. Mzee wa miaka sabini na kitu, anaisikiliza Kwizera kila siku tangu wakati wa wakimbizi, akaiacha redio yake kwa sababu mwalimu ana simu.

Hadi jana Ijumaa madebe yamefika 31. Uji umerudi kwa darasa la kwanza hadi la tatu tu, wakubwa wanasubiri. Wale wazazi wawili waliochukua mahindi yao, mmoja amerudisha, mwingine ameshayasaga.

Nimejitoa kwenye magrupu sita. La kubadilishana vituo nimebaki. La Simba pia nimebaki, mechi haiko mbali.

Mwenye duka ana redio ya zamani nyuma ya magunia ya chumvi, anasema ilikuwa ya baba yake, hajui kama inapona. Tumekubaliana nikipata betri tuijaribu pale benchi Jumatatu, na mke wangu amesema safari hii anakuja, na kiti chake. Mzee wa UPE, betri mjukuu wako anaziweka juani muda gani, na ni lazima bati au hata jiwe linafaa? Jiwe ninalo.